Kamera gani ya video inafaa kuwaonesha wateja walio mbali maendeleo ya kazi?

Fundi wa Kiponda

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mwashi, na kwa sasa nina kazi ya kuitengeneza upya nyumba kongwe ya ghorofa mbili hapa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni nyumba ya mirathi, na warithi wake ni ndugu wanne: wawili wako Maskati, mmoja yuko Uingereza, na mkubwa wao yuko Kanada. Tumekubaliana kwamba fedha zitumwe kwa awamu, na kabla ya kila awamu niwapelekee video fupi za kuonesha kazi ilipofikia. Siwalaumu kwa kutaka kuona kila kitu, kwani tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba letu la kihistoria, ilipoporomoka Desemba 2020, kila mwenye nyumba ya mawe na chokaa katika mji huu akisikia neno "ufa" moyo humwenda mbio.

Mpaka sasa nimekuwa nikitumia simu yangu ya mkononi. Kwa picha za mnato haijanisumbua, lakini kwa video imeshanitia mashakani mara tatu, na kila mara shaka hiyo iligeuka mjadala wa kutwa nzima katika kundi la familia yao la WhatsApp. Mara ya kwanza nilipiga chumba cha chini ambacho hakina dirisha la njiani, kwa mwanga wa taa ya tyubu. Walipoitazama video waliona mistari ya kiza ikipanda na kushuka ukutani, na yule wa Kanada akauliza kwa nini lipu ambayo haijatimiza wiki imeshaingia unyevu. Mara ya pili nilipiga kwa karibu nyufa nyembamba kama unywele, zile zinazotokea chokaa inapokaushwa haraka na jua, ili nieleze kwa nini lazima nirudie upande mmoja wa ukuta. Video ilipowafikia, ukuta ulikuwa laini kama karatasi, na mimi nikaonekana fundi anayetafuta kisingizio cha kuongeza siku. Mara ya tatu nilikuwa juu ya paa, kusi inavuma, nikazungumza dakika nne nzima kuhusu mifereji ya maji ya mvua, na wao hawakusikia ila upepo.

Nimetenga shilingi 1,500,000 kwa kamera pamoja na kadi na vifaa vyake vyote. Muuzaji mmoja ananisisitizia nichukue kamera yoyote yenye 4K, yaani video ya picha kubwa yenye nukta nyingi, kwa hoja kwamba picha ikiwa kubwa hakuna kitakachofichika. Mwengine ananionesha zile kamera za mkanda wa kiganjani zenye zumu ndefu. Vijana wangu wa kazi wanapendekeza GoPro, ile kamera ndogo ya michezo, kwa sababu haiogopi vumbi wala maji, na mpwa wangu anasifu DJI Osmo Pocket 3, kamera ndogo ya kushika mkononi. Nyumba yenyewe ni kama mnavyozijua nyumba zetu: vyumba vya ndani kiza, uwani jua kali, na vumbi la chokaa linaingia hata ndani ya sahani ya chakula. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mpiga Video za Harusi

Wa alaykumu ssalaam, fundi. Kazi yangu ni kupiga video za harusi, na kumbi zetu nazo zina taa za kila namna, kwa hiyo mashaka yako nayajua. Katika matatu uliyoyataja, simu yako ina hatia katika moja tu, na hata hilo si lote.

Nianze na mistari, kwa sababu hiyo ndiyo inayowagonganisha watu wengi na wateja wao bila ya kujua sababu. Umeme wetu ni wa Hz 50, na taa ya tyubu, pamoja na taa nyingi za LED za bei rahisi, huwaka na kufifia mara 100 katika kila sekunde. Jicho halitambui, lakini kamera inatambua. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kupiga fremu 30 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, kipimo kilichotokana na nchi zenye umeme wa Hz 60 kama Marekani, na 100 ukiigawa kwa 30 haitoki nambari kamili, kwa hiyo kila fremu inaikuta taa katika hali tofauti na iliyotangulia, na matokeo yake ni huo "unyevu" uliomtisha bwana wa Kanada. Panga kamera ipige fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100, mistari itaondoka. Kwenye iPhone kuna mahali katika mipangilio ya kamera pa kuruhusu fremu za PAL, yaani hizo 25 kwa sekunde. Kwenye GoPro kuna sehemu ya kuzuia kumeta kwa taa, nawe unachagua Hz 50. Kamera ya shilingi milioni kumi ikipangwa vibaya itakuletea mistari hiyo hiyo.

Nyufa zako zilipotea njiani. WhatsApp huikamua video ili iwe nyepesi, na kitu cha kwanza kinachokamuliwa ni vile vitu vidogo vidogo ambavyo wewe unavitaka. Badala ya kuituma kama video, itume kama hati: tangu mwaka 2022 mtandao huo unaruhusu hati ya hadi GB 2, na video hufika kama ulivyoipiga. Njia nyengine ni kuipakia YouTube kwa kuchagua isiorodheshwe, ili aione mwenye kiungo tu. Lakini hata kabla ya kufikiria kutuma, jiulize uliupiga ukuta kwa mwanga gani. Ukimulika lipu kwa mbele, hata jicho la mtu aliyesimama pale halioni ufa. Chukua kurunzi, iegemeze ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite sambamba nao, nawe utashangaa: kila ufa, kila kibonyeo na kila alama ya mwiko itatoa kivuli chake. Mafundi wa lipu wa zamani walikuwa wakiukagua ukuta kwa kibatari kwa namna hiyo hiyo, na nadhani wewe unalijua hilo kuliko mimi. Basi mfundishe na kamera.

Sasa suala la 4K, ambalo muuzaji wako hakukwambia upande wake wa pili. Kamera kama Sony ZV-1 ikipiga 4K katika ubora wake wa juu hutumia kiasi cha megabiti 100 kwa sekunde, yaani MB 750 kwa dakika moja. Video ya dakika tatu inakuwa GB 2.25, ambayo hata hiyo njia ya hati haiikubali, na kama intaneti yako inapandisha megabiti 4 kwa sekunde itakuchukua saa moja na robo kuipandisha. Dakika tatu hizo hizo ukizipiga au ukizipunguza mpaka 1080p, ukubwa wa picha ulio chini ya 4K, ya megabiti 8 kwa sekunde zitakuwa MB 180, na zitapanda kwa dakika sita. Mteja ataitazama kwenye simu akiwa katika basi au mapumziko ya kazini. Piga 4K pale tu unapotaka baadaye kuikuza sehemu moja ya picha. Mengine yote yapige 1080p.

Kuhusu kamera zenyewe nitasema ninayoyajua. Zile za mkanda wa kiganjani, mfano Sony HDR-CX405, zina zumu ya mara 30, ambayo kwako haina kazi kwa sababu chumba kilichoezekwa kwa boriti hakina upana wa kukuhitajia zumu. Na kihisi chake cha mwanga ni kidogo mno, kwa hiyo katika chumba chako cha chini picha itajaa chenga. Tena haina tundu la maikrofoni ya nje, na hilo peke yake linatosha kuiacha. GoPro ni ngumu kweli, huingia majini hadi mita 10 bila ya kasha, lakini lenzi yake ni pana na ukiiacha katika upana wake wa kawaida mistari iliyonyooka hupinda pembezoni. Fikiria, fundi, unawapelekea warithi wanne walio mbali video ambayo ukuta uliounyoosha kwa timazi unaonekana umejikunja kama ngalawa! Ipo namna ya kuinyoosha katika mipangilio, inayoitwa "Linear", lakini kiza bado ni adui wake, na kwa kuwa fokasi yake, yaani umbali ambao picha hutoka wazi, haibadiliki, kitu kilicho karibu sana hakitoki vizuri.

Osmo Pocket 3, iliyotoka Oktoba 2023 kwa bei ya kutangazwa ya dola 519, ina kihisi cha inchi 1, ambacho katika kiza ni afadhali kubwa, na gimbali yake, kishikio kinachoituliza lenzi, inakuwezesha kupanda ngazi huku ukipiga na picha isitetereke. Aibu zake ni tatu: haijafungwa dhidi ya vumbi wala maji, betri yake haitoki ukaweka nyengine, na fokasi yake inaanzia sentimita 20. ZV-1 nayo ina kihisi cha inchi 1, inasogea karibu hadi sentimita 5 kwa upande wake mpana, na ina tundu la maikrofoni. Lakini kila ukiiwasha hutoa lenzi yake nje kama kobe atoavyo shingo, na kila ikirudi ndani huingia na vumbi.

Kwa hiyo rai yangu, kama ni lazima kununua, ni Pocket 3. Lakini kabla ya hapo nunua kwanza vitu vitatu vidogo: maikrofoni isiyo na waya ya kubana kolani yenye manyoya ya kuzuia upepo, stendi ya miguu mitatu, na taa ndogo ya LED ya kuchaji. Vitumie na simu yako kwa wiki mbili. Inawezekana fedha iliyobaki ukanunulia chokaa.

Mwana wa Bububu

Ndugu zangu, naomba na mimi niseme, ingawa si fundi wala mpiga video. Mimi ni mteja. Niko Maskati mwaka wa tisa sasa, na najengewa nyumba Bububu. Naona mnazungumza sana kamera itakavyoona, na kidogo sana yule anayetazama anataka kuona nini.

Fundi wangu wa mwanzo, Mungu amsamehe, alikuwa na simu ya gharama na video zake zilikuwa safi kama za televisheni, tena na muziki chini yake. Siku moja alinitumia video ya nondo za mkanda wa juu zilivyofungwa, tayari kwa kumwagwa zege, na akaomba fedha ya saruji. Niliitazama mara moja nikafurahi. Nilipoitazama mara ya pili nikajiuliza, mwembe wa jirani uko wapi? Kiwanja changu ukisimama popote huwezi kuukwepa ule mwembe. Umeinamia ukuta wangu tangu tukiwa wadogo. Katika video ile nyuma ya nondo kulikuwa na minazi miwili na tangi la maji ambalo silijui. Ilikuwa nyumba ya mtu mwengine.

Tangu hapo fundi wangu wa sasa nimempa masharti, na yeye hutumia simu ya kawaida kabisa. Video lazima ianzie njiani, ioneshe mwembe, iingie mlangoni na ifike penye kazi bila ya kukatwa. Aitaje tarehe kwa sauti yake. Na kubwa zaidi, anipigie kila kitu ambacho kesho kitafunikwa: nondo kabla ya zege, mabomba na nyaya kabla ya lipu, na msingi kabla ya kufukiwa. Dirisha likishawekwa nitaliona siku yoyote nitakayokuja likizo, lakini nondo sitaziona tena maisha yangu yote. Nikipewa dakika mbili za aina hiyo kila Alhamisi, sihitaji 4K.

Jambo jengine ni kwamba baadhi yetu tunategemea video zilizorekodiwa si kwa kupenda. Mdogo wangu yuko Dubai, na huko simu za WhatsApp zimezuiwa kwa muda mrefu, kwa hiyo ushauri wa kawaida wa "mpigie umuoneshe moja kwa moja" kwake haufai. Na hata mimi, fundi akinipigia saa nne asubuhi niko kazini. Video niliyotumiwa naisimamisha, naikuza, na namuonesha kaka yangu anayejua ujenzi.

Nyongeza moja, fundi wa Kiponda, nawe usinione mkali: tuonesheni na palipoharibika. Ukinionesha ufa leo ukanieleza utaurekebisha vipi, awamu yako utaipata. Nikiuona mwenyewe mwakani, hatutasalimiana.

Seremala wa Wete

Nimesoma yote kwa makini, na namshukuru dada yetu wa Bububu kwa mwembe wake. Mimi ni seremala wa Wete, Pemba, natengeneza milango ya nakshi na makasha, na wateja wangu wengi hawajawahi kukanyaga karakana yangu. Natofautiana na ndugu yetu wa harusi kuhusu Pocket 3, walau kwa kazi kama yangu.

Mteja wa mlango wa nakshi hataki kuona karakana nzima. Anataka kuona patasi imeingia kiasi gani, na ncha za majani ya ua zimechongwa au zimeparuzwa. Kamera inayoanzia sentimita 20 kwangu inakuwa kama mtu anayetazama kaburi kutoka barabarani. Mimi nilinunua ZV-1 iliyokwisha kutumika, na ile sentimita 5 yake ndiyo inayoniuzia milango. Vumbi ni kweli, na nimeshakutana nalo: lenzi imenikwama mara moja kwa vumbi la msasa. Tangu hapo nina kanuni kwamba kamera haitoki kwenye mkoba mpaka randa na msasa vimelala nusu saa, na haiwashwi wala haizimwi penye vumbi. Mfuko wake una vile vipakti vya kunyonya unyevu, kwa sababu hewa yetu ya unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi. Wapo wanaotia kamera ndani ya mchele. Wasifanye hivyo, unga wa mchele unaingia kila tundu.

Jambo ambalo halijatajwa ni rangi. Mti wa mfenesi ukichongwa leo ni wa manjano, na kadiri siku zinavyokwenda unaiva na kuwa wa kahawia. Kamera ikiachiwa ijichagulie rangi yenyewe, asubuhi chini ya banda la makuti itaupiga ukaonekana una rangi ya samawati, na jioni chini ya globu utaonekana mwekundu. Mteja mmoja wa Uingereza alinituhumu kuwa nimebadilisha mti katikati ya kazi, akidhani ubao wa juu ni mfenesi na wa chini ni kitu chengine. Siku hizi naweka karatasi nyeupe mbele ya kazi, naiambia kamera kwamba hii ndiyo nyeupe, kisha naifunga hapo hapo isibadilike. Nanyi mnaopiga chokaa mtapata tabu hii zaidi kuliko mimi, kwa sababu ukuta mweupe ndio unaosema uongo haraka. Pamoja na hilo, katika kila picha ya karibu naweka rula ya chuma. Anayetazama akiwa Toronto hawezi kujua kama ua lile ni la upana wa kiganja au wa ukucha.

Sasa mtihani ulionikuta. Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei iliyonifurahisha, duka silitaji. Nikapiga siku sita za kazi ya fremu ya mlango, ikiwa ni pamoja na viungo vya ndani ambavyo, kama alivyosema dada, vikishafungwa havionekani tena. Nilipokwenda kuzifungua, video za siku mbili za mwanzo zilifunguka, na zilizobaki zilikuwa majina matupu. Kadi ilikuwa na nafasi ndogo sana, na ilikuwa imedanganywa ijitangaze ni kubwa. Tangu siku hiyo kila kadi mpya naijaribu kwa programu ya bure inayoitwa H2testw, ambayo huijaza kadi yote na kuisoma tena. Inachukua muda mrefu, lakini ni muda wa kulala tu. Kwa 1080p na hata 4K ya kawaida tafuta kadi yenye alama ya V30, maana yake inaandika si chini ya MB 30 kwa sekunde.

Kuhusu kupunguza uzito wa video, natumia HandBrake kwenye kompyuta, nayo pia ni ya bure. Naipa video jioni, nakwenda kuswali Isha, nikirudi iko tayari.

Mjukuu wa Shangani

Je, kwa paa, droni haitakuwa rahisi kuliko kupanda na kamera? Naona wengi wanazitumia kwenye hoteli za mashamba.

Mpiga Video za Harusi

Rahisi ni kuirusha. Kibali ndicho kizito. Droni kwetu inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kazi ya dakika tano ya paa moja haistahili safari hizo za ofisini. Lakini hata ungekuwa na kibali, Mji Mkongwe si hoteli ya shamba. Nyua za ndani ziko wazi juu, wanawake wamekaa humo bila ya mitandio wakitegemea kwamba hakuna jicho linaloingia, na wewe unapitisha kamera juu ya vichwa vyao. Hata kwa kamera ya mkononi, fundi, ukipanda paani piga hodi kwa jirani kwanza. Kwa mifereji yako chukua ule mti mrefu wa kupakia rangi, funga simu au kamera ncha yake, ianzishe ikiwa chini, kisha uinue. Mita tatu zinatosha kuona nyuma ya ukingo wa paa.

Na seremala wa Wete amenirekebisha kwa haki. Nilikuwa nikimfikiria mwashi anayetembea chumba hadi chumba, sikumfikiria mtu anayeonesha ncha ya patasi.

Fundi wa Kiponda

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kujaribu mliyoniambia kabla ya kutoa fedha. Ahsanteni nyote.

Nilinunua maikrofoni ya kolani na stendi, na taa ndogo nikaazima kwa mpwa wangu. Simu nikaipanga fremu 25. Mistari ya tyubu imekwisha, kama ulivyosema, na nimemtumia yule wa Kanada video mbili za ukuta ule ule, moja ya fremu 30 na moja ya fremu 25, akacheka mwenyewe. Kurunzi ya ubavuni ilinitia aibu kidogo: nilidhani nyufa ziko upande mmoja wa ukuta, kumbe ziko na kwenye kona ya pili, karibu na kichwa cha mlango, ambapo vijana walikuwa wameacha kurashia maji. Nimeipiga hivyo hivyo na kuituma kama hati, na awamu ya tatu imeingia bila ya mjadala.

Nimechukua na rai ya dada wa Bububu, nikaiongeza kidogo. Nimepigilia msumari mmoja sakafuni katika kila chumba, na stendi husimamishwa juu ya msumari huo kila Alhamisi, ikielekea upande ule ule. Chokaa haina haraka, na mtu akitazama video moja haoni kilichobadilika. Akiziweka za wiki mbili pamoja anaona rangi ilivyokauka kutoka kijivu kwenda nyeupe, na mpaka wa unyevu ulivyoteremka. Ninaanzia njiani kwenye baraza yenye jiwe lililovunjika pembe, ambalo wote wanne wanalikumbuka kwa sababu mmoja wao ndiye aliyelivunja.

Kamera nimeahirisha kwa sasa. Mahali ambapo simu bado inanishinda ni vile vyumba vinavyofungukia uwani: nikiugeuzia mlango, ama chumba kinakuwa kiza ama ua unakuwa mweupe mtupu. Kubonyeza skrini kwa muda ili kipimo cha mwanga kisibadilike kunasaidia, lakini nalazimika kupiga mara mbili. Masika ikipita, kama fedha itakuwepo, nitachukua Pocket 3 na kuivisha mfuko wa plastiki, na nakshi za mlango mkubwa nitamwachia seremala.

Alhamisi iliyopita nilipiga dari ya sebule kabla ya kuifunika, na katika maelezo nikasema nimebadilisha boriti kumi. Usiku ule ule mkubwa wao aliisimamisha video, akazihesabu, na akaniandikia kwamba yeye anaona tisa. Nikatoka kitandani, nikachukua kurunzi, nikarudi Kiponda. Ya kumi iko nyuma ya ubao wa mlango, na msumari wangu nimeupigilia pahala ambapo haiwezi kuonekana. Nimeung'oa, na leo nimeupigilia hatua mbili kushoto.